Madereva wa Mwanza, mwacheni fundi alitoe tairi kwenye rimu

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumze na madereva, wamiliki wa magari na wenzetu wa kazi ya matairi hapa Mwanza, hasa wale wanaomfuata mteja alipokwama. Kazi hii imekua. Fundi akipigiwa simu anafunga kompresa ndogo na sanduku la vifaa kwenye pikipiki, na baada ya muda mfupi yuko Igoma, Buhongwa au Usagara. Tangu Daraja la J.P. Magufuli lifunguliwe Juni 2025, hata mteja wa Sengerema anafikiwa bila kusubiri kivuko.

Lakini kuna jambo moja linaiharibu huduma hii, na linatoka pande zote mbili. Pancha nyingi za barabarani zinazibwa kwa kamba kutokea nje, tairi likiwa bado limefungwa kwenye gari, kisha gari linaondoka na hakuna anayelirudia. Dereva anawaza hesabu ya bosi. Fundi naye anajua kwamba akisema "tulifungue," mteja atampigia mwingine. Kamba inakaa mwezi, inakaa miezi sita, na gari linaendelea kubeba abiria juu ya kazi ambayo haijakamilika.

Kamba ile ya rangi ya kahawia iliyolowekwa gundi inaziba njia ya upepo, basi. Haifungi ule utando laini wa ndani unaoshikilia upepo, wala haizuii maji kupenya hadi kwenye waya za chuma zilizo chini ya kashata, yaani ule mpira wenye mifereji unaokanyaga barabara. Maji yakifika kwenye waya, kutu inaanza, waya unaachana na mpira, na hatimaye kashata inavimba au kubanduka vipande. Isitoshe, kabla ya kuingiza kamba fundi anapitisha chuma chenye meno kutanua tundu. Msumari huwa haujaingia wima, mara nyingi umeingia mshazari. Fundi asipoufuata mshazari huo anatoboa njia ya pili pembeni ya ile ya kwanza na kukata waya ambazo msumari wenyewe uliziacha.

Hatusemi kamba itupwe. Kama ni usiku, mvua inanyesha na umekwama mahali pabaya kati ya Kisesa na Magu, kamba ni msaada mkubwa. Izibwe, uende taratibu mpaka mahali salama, na kesho yake tairi lifunguliwe. Tatizo ni hiyo kesho ambayo haifiki.

Sababu kubwa ya kulitoa tairi kwenye rimu ni kwamba madhara mengine hayaonekani kwa nje. Tairi lililotembea bila upepo linaweza kuonekana zima kabisa. Lifungue, ndani utakuta unga mweusi wa mpira mfano wa pilipili manga iliyosagwa, na mstari uliosagika ukizunguka ubavu mzima. Pitisha kidole kwenye mstari huo: mpira umelainika, na mahali pengine nyuzi zimeanza kujitokeza. Tairi la namna hiyo halizibwi, hata kama tundu lenyewe ni dogo kama sindano ya cherehani. Ubavu umeshavunjika ndani kwa ndani na utapasuka likiwa na joto na mzigo. Mita mia kadhaa tu kwa mwendo wa kawaida bila upepo zinatosha kulifikisha hapo, na ndiyo maana tunamwambia dereva asimame mapema, asijivute hadi kituo cha mafuta kinachofuata. Aliyeziba kwa kamba kutokea nje hajauona ule unga, na hawezi kukuhakikishia chochote.

Sasa kazi kamili ikoje? Tunaieleza hatua kwa hatua ili dereva ajue anachotakiwa kukiona akiwa amesimama pembeni.

Kwanza fundi anapiga alama ya chaki mbili: pale msumari ulipo na pale valvu ilipo, ili tairi lirudi lilivyokuwa na balansi isiharibike sana. Anatoa moyo wa valvu na kuacha upepo uishe wote. Anabandua mdomo wa tairi, yaani ukingo wake unaoshika rimu, pande zote mbili, anapaka sabuni, kisha anaingiza leva, kile chuma cha kulitolea tairi. Hapa wengi wanakosea: upande ulio mkabala na leva lazima mdomo uwe umezama kwenye bonde la katikati ya rimu. Usipozama, leva inalazimishwa kwa nguvu, na waya ulio ndani ya mdomo unapinda au kukatika. Magari mengi ya karibuni yana kihisi cha upepo nyuma ya valvu. Leva isianzie hapo.

Tairi likishatoka, linakaguliwa ndani kwa tochi na kupanguswa kwa kitambaa mzunguko mzima, kwa sababu msumari mmoja mara nyingi una mwenzake. Kisha tundu linapimwa. Kwa gari dogo lisizidi milimita 6, kwa tairi la lori aina ya radial lisizidi milimita 10. Liwe kwenye uso wa kukanyagia, kati ya mifereji miwili ya nje. Tundu la begani au la ubavuni halizibwi kwa njia yoyote ile, kwa sababu sehemu hizo zinapinda kila gurudumu linapozunguka na kiraka hakidumu. Fundi anayekubali kuziba ubavu kwa sababu umemwongezea pesa anakuuzia ajali.

Kinachofaa ni kiraka chenye mguu, kile ambacho mafundi wengi wanakiita uyoga. Mguu unajaza tundu na kuzuia maji, kofia inafunga utando wa ndani. Tundu linasafishwa kwa kekee kufuata mshazari wa msumari. Ndani panakwanguliwa eneo linalozidi kidogo ukubwa wa kiraka, kwa mzunguko wa polepole. Mashine ikizunguka kasi mno inaunguza mpira: unanuka, unang'aa, na gundi haishiki hapo. Waya zisionekane, zikionekana umekwangua kupita kiasi na tairi limeharibika. Vumbi linatolewa kwa brashi safi. Usilipulize kwa kompresa, kwa sababu upepo wa kompresa ndogo unatoka na maji na mafuta, na mafuta ndiyo adui wa kwanza wa gundi.

Gundi inapakwa nyembamba, kwenye tundu na juu ya eneo lililokwanguliwa, kisha inasubiriwa. Hapa ndipo haraka inapoharibu kazi nyingi kuliko mahali pengine popote. Gundi ya baridi haigandishi kama gundi ya mbao. Kiyeyushi lazima kiruke kwanza. Kukiwa na jua ni dakika 3 hadi 5. Siku ya mawingu na unyevu wa ziwa ni zaidi. Igusie kwa mgongo wa kidole: mng'ao uwe umekwisha, ishike kidogo lakini isivute uzi. Ikivuta uzi, subiri. Ukibandika ikiwa mbichi, kiyeyushi kinafungiwa chini ya kiraka, kinatengeneza mapovu, na baada ya wiki kiraka kinaanza kuinuka ukingoni. Usiikaushe kwa kiberiti, usiipulizie kwa mdomo. Gundi iliyokuwa nzito ikazimuliwa kwa petroli itupwe, haina kazi tena.

Baada ya hapo nailoni ya kiraka inabanduliwa bila vidole kugusa upande wa gundi, mguu unavutwa kutokea ndani kwenda nje, na kofia inakandamizwa kwa rola ndogo ya meno kuanzia katikati kwenda pembeni, ili hewa itoke. Kugonga kwa nyundo hakutoshi. Mguu unaobaki nje unakatwa bila kuuvuta, na kingo za kiraka zinapakwa dawa ya kuzibia. Kazi yote, kwa mkono uliozoea, ni kama nusu saa hadi dakika 40. Kamba ni dakika 10. Tofauti hiyo ya dakika 20 hadi 30 ndiyo tunayowaomba madereva waikubali na kuilipia.

Wapo wanaosema, "weka tyubu ndani, tumalize." Tairi lililotengenezwa bila tyubu mara nyingi lina mistari ya mpira na hata karatasi za kiwandani ndani yake, na tyubu inajisugua hapo kila siku huku joto likipanda. Lakini kubwa zaidi ni hili: tairi lisilo na tyubu likichomwa msumari hupoteza upepo polepole, dereva anapata nafasi ya kutambua. Tyubu ikipasuka, upepo unatoka wote kwa mara moja kupitia tundu la valvu. Umeondoa usalama ule ule uliokuwa umeulipia.

Kurudisha tairi kunahitaji sabuni ya matairi au sabuni nzito ya kawaida isiyo na mafuta ya petroli. Oili chafu na grisi zinaula mpira wa mdomo na kulifanya tairi liteleze kwenye rimu wakati wa breki. Upepo ukijazwa, mdomo wa tairi la gari dogo unatakiwa kukaa kabla ya PSI 40 (PSI ndiyo kipimo cha upepo kwenye geji). Ukifika 40 na bado haujakaa, usiongeze. Toa upepo, paka sabuni upya, lisogeze, anza tena. Na hapa wenzetu wa pikipiki tuambiane ukweli: kompresa ya kuchomeka kwenye betri ya gari inaweza kujaza tairi la Noah, lakini haina mvumo wa kuurusha mdomo ukae. Hiyo inahitaji tangi lenye akiba ya upepo, na moyo wa valvu ukiwa umetolewa ili upepo uingie kwa kishindo. Kwa kukosa tangi, watu wanamwaga petroli ndani ya tairi na kuwasha kiberiti. Tunaomba sana jambo hili likome. Mlipuko huo hauna kipimo, unaunguza utando wa ndani, na umeshawatoa watu vidole na macho katika kazi hii duniani kote.

Kuna hatari nyingine inayofanana na hiyo, nayo ni kuchomelea rimu iliyopasuka huku tairi likiwa juu yake. Hata kama upepo umetolewa, joto la kuchomelea linachoma mpira, mpira unatoa gesi, na gesi inalipuka. Tairi litolewe kabisa kwanza. Na kwa maoni yetu, rimu ya alumini iliyopasuka isichomelewe kabisa.

Nati nazo zina habari yake. Toyota nyingi ndogo tunazozifunga kila siku, kama Noah, Corolla na IST, zinataka nati zikazwe kwa nguvu ya nyutonimita (Nm) 103. Kwa spana yenye urefu wa sentimita 40, hiyo ni sawa na kubonyeza ncha yake kwa uzito wa kilo 26 tu. Mtu wa kilo 75 akisimama juu ya spana hiyo tayari amefikia karibu mara 3 ya kiasi kinachotakiwa, na akiruka ni zaidi. Stadi, ile bolti inayoshika nati, inavutika kama waya uliochoka, diski ya breki inapinda na usukani unaanza kutetemeka ukikanyaga breki. Siku mama mwenye gari akipata pancha Misungwi hawezi kuifungua nati hiyo kwa spana iliyokuja na gari. Torki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, si anasa kwa fundi anayelipwa kufunga magurudumu. Inabebeka kwenye pikipiki kama spana nyingine. Asiyekuwa nayo akaze kwa mikono miwili akiwa amesimama chini, bila bomba la kurefusha, bila kupanda.

Nati zikazwe kwa kuruka, moja hii na inayofuata mkabala wake, kwanza gurudumu likiwa juu ili rimu ikae sawa, kisha kwa nguvu kamili gari likiwa limeshuka. Uso wa hubu, pale rimu inapokalia, usafishwe kutu na matope kwa brashi ya waya, maana matope yaliyobanwa katikati yakikauka na kudondoka, nati inabaki legevu. Nyuzi za stadi zisipakwe grisi, kwa sababu zikiteleza nguvu ile ile inakaza kupita kiasi. Pia angalieni nati zenyewe: rimu ya chuma inataka nati ya koni, na baadhi ya rimu za alumini za Toyota zinataka nati yenye washa bapa. Ukizichanganya, nati inashika kwenye ukingo mdogo tu na itajifungua. Baada ya kilomita 50 hadi 100 nati zipimwe tena. Dereva anaweza kufanya hivyo mwenyewe, dakika 5 zinatosha.

Mahali pa kufanyia kazi ni nusu ya usalama wake. Tunaendesha kushoto, kwa hiyo tairi la kulia likipata pancha fundi anachuchumaa akiwa amezipa mgongo gari zinazopita. Ukiwa na tairi la kulia, tafuta mahali pa kuingia ndani zaidi ya bega la barabara, hata kama ni kujivuta mita 50 kwa mwendo wa mtu anayetembea. Pembetatu ziwekwe mbali, si nyuma ya bampa: hatua 50 kwenye barabara ya mjini, hatua 100 kwenye barabara kuu, na kama kuna kona au mwinuko, ziwekwe kabla ya kona. Kwenye daraja usisimame kama gari linaweza kusogea. Washa taa za hatari, vuka taratibu, tairi litakufa lakini wewe utabaki. Mawe na matawi mnayoyaweka kama alama yaondolewe kazi ikiisha. Mawe yanayoachwa barabarani usiku ndiyo yanayompasulia mwenzako rimu.

Vilima vya Isamilo, Bugando na Igogo vina mitaa ambayo haina hata mita 10 za usawa. Usipige jeki kwenye mteremko. Ukikosa kabisa pa kwenda, breki ya mkono, gia, na mawe mawili nyuma ya magurudumu yanayobaki chini, upande wa mteremko. Kwenye changarawe jeki iwekewe ubao wa sentimita 30 kwa 30 wenye unene wa sentimita 5. Tairi la spea lilazwe chini ya gari pembeni ya jeki kabla mtu hajaingiza mkono, ili jeki ikiteleza gari liangukie spea. Na nati zilegezwe robo mzunguko gari likiwa chini, kabla ya kupandisha.

Kwa malori tutakuwa wakali zaidi. Upande mmoja wa tairi la inchi 22.5 lenye PSI 120 unasukumwa na nguvu inayozidi tani 20. Nguvu hiyo ikipata njia haimchagui mtu. Tairi la lori lililotembea chini ya asilimia 80 ya upepo wake, yaani chini ya 96 kama lilitakiwa 120, lichukuliwe kama limetembea bila upepo. Waya za ubavu zinakuwa zimechoka, na wakati wa kujazwa zinaweza kukatika mstari mzima kwa mara moja. Tairi hilo linajazwa ndani ya kizimba cha chuma, kwa mpira wa upepo wenye urefu usiopungua mita 3 na klipu inayojishika yenyewe, fundi akiwa amesimama upande wa kashata na kamwe si mbele ya ubavu. Fundi wa pikipiki habebi kizimba. Basi asijaze. Kazi yake barabarani iwe kufunga gurudumu ambalo limeshajazwa karakana, na lile bovu lirudishwe.

Rimu zile za pete, za inchi 20 zenye tyubu, zina sheria hiyo hiyo mara mbili. Kwenye magurudumu pacha, toa upepo wa matairi yote mawili kabla ya kulegeza nati hata moja, kwa sababu rimu ya ndani iliyopasuka inaweza kuruka nati zikishaachia. Utingo amezoea kugonga tairi kwa chuma na kusikiliza mlio. Mlio unamwambia kama tairi limelala kabisa, haumwambii tofauti ya 70 na 110. Pacha mmoja akiwa amelegea, mwenzake anabeba mzigo wa wawili, naye anapasuka Lamadi wakati kosa limeanzia Nyakato. Geji ndiyo inayosema kweli.

Bodaboda na bajaji tuziguse kwa haraka. Tyubu ya bodaboda mara nyingi inatobolewa na fundi mwenyewe anapoibana kwa leva wakati wa kurudisha. Ijaze upepo kidogo tu ishike umbo lake kabla ya kuiingiza, na malizia kurudisha mdomo upande wa valvu. Pitisha kitambaa ndani ya tairi kutafuta waya kabla ya kuweka tyubu mpya. Bajaji nyingi zina rimu ya vipande viwili vilivyofungwa kwa nati zake zenyewe: ukifungua nati hizo kabla ya kutoa upepo wote, vipande vinaruka usoni.

Kuhusu upepo, fuateni karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva, si namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi, ambayo ni kikomo chake. Upimwe asubuhi tairi likiwa baridi. Tairi lililotoka safarini linasoma PSI 4 hadi 6 zaidi. Ukilipunguza likiwa moto, asubuhi litakuwa limelegea. Mwanza tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hivyo gari lililojazwa Dar es Salaam likafika hapa na kupoa linaweza kusoma kama PSI 2 zaidi, na linaloteremka pwani kinyume chake. Pima upya ulipofika. Spea nayo ina upepo: zile nyembamba zinazokuja na magari ya Japani zinataka PSI 60 na mwendo usiozidi kilomita 80 kwa saa. Tukiitwa, mara nyingi spea nayo tunaikuta imelala.

Wenye Noah za abiria wasikilize hili pia. Tairi la 195/65R15 lenye namba ya uzito 91 linabeba kilo 615, si zaidi, hata uliongezee upepo. Hiace inafungwa 195R15C yenye namba 106/104, kilo 950 kwa tairi moja, kwa sababu limejengwa kwa mzigo. Ukijaza Noah watu 11 na magunia ya dagaa juu, hakuna kiraka wala fundi atakayekusaidia. Mkinunua mtumba, someni tarakimu 4 za mwisho za mstari unaoanza na DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kashata ikifika kwenye vile vimatuta vilivyo ndani ya mifereji, imebaki milimita 1.6 na tairi limekwisha.

Mnapotupigia simu, tupeni taarifa zitakazotufanya tuje na vifaa sahihi. Tumeni picha ya ubavu wa tairi inayoonyesha saizi. Semeni ni gurudumu lipi, gari limetazama mjini au linatoka, mmesimama kwenye lami, changarawe au mteremko, na kama kuna mzigo. Kama rimu ina nati ya kufuli, tafuteni ufunguo wake kabla hatujafika. Mara nyingi uko kwenye droo ya mbele au ndani ya spea. Msumari msiung'oe: ukiwa bado umekaa unazuia upepo na unatuonyesha mshazari. Na kama mmetia dawa ya povu ya kuzibia, mtuambie, maana tairi lazima lioshwe ndani kwa maji kabla kiraka hakijabandikwa.

Kwa wenzetu mafundi: VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mtu aliyejifunza kazi mtaani, anapimwa kwa kazi anayoijua na kupewa cheti. Chuo kiko Nyakato, kiko karibu. Mteja akiona cheti na torki renchi, ile nusu saa hatabishana nayo.

Kwa mamlaka tuna maombi mawili. La kwanza, uchomaji wa matairi chakavu kando ya barabara na kwenye madampo ya mitaani ukomeshwe na Jiji pamoja na Manispaa ya Ilemela. Mpira unaungua, waya zinabaki, mvua inazisomba hadi barabarani, na nyembamba kama zilivyo zinaingia kwenye tairi bila kuonekana na kuvujisha upepo kidogo kidogo. La pili ni la TANROADS na TARURA. Barabara zinazotoka mjini kuelekea Musoma, Shinyanga na Usagara hadi Kigongo hazina mahali pa kutosha pa gari lenye pancha kuingia. Zamani foleni ya kivuko ilimpa dereva wa Geita muda wa kuzunguka gari lake na tairi muda wa kupoa; sasa anapita moja kwa moja na joto lote. Tunaomba maeneo machache ya kuchepukia, kila moja lenye urefu wa mita 25 ili semi ienee, upana wa mita 4 kutoka ukingo wa lami, udongo ulioshindiliwa na usawa usio na mteremko. Moja Igoma, moja Buhongwa, moja kati ya Usagara na Kigongo, na tuko tayari kwenda na wataalamu wao kuwaonyesha sehemu ambazo magari yanakwama zaidi.

Mafundi matairi wa kumfuata mteja,
Nyakato, Mwanza